Mbwa Amekufa, Kazi Iendelee?

Butembo ni mji wa watu wa kazi. Jua halijapanda, magari ya maharage na viazi kutoka Lubero yamekwisha kufika, wapagazi wanashusha magunia, na motari wamejipanga na pikipiki zao kandokando ya barabara wakingoja abiria wa kwanza. Serikali iko mbali, Kinshasa, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wa hapa wamechanga pesa zao wenyewe kutengeneza barabara na kujenga shule. Mji uliojijenga hivyo una dawa moja kwa kila msiba: fanya kazi, utasahau. Mjane huambiwa hivyo, na aliyechomewa nyumba huambiwa hivyo. Sasa hata mtoto aliyefiwa na mbwa wake ameambiwa hivyo, na hapo ndipo watu walipoanza kubishana.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika mtaa wa Furu, lori la mbao lilimgonga mbwa wa nyumba moja, jina lake Bobi. Aliyemlea ni kijana wa miaka kumi na miwili, tangu mbwa huyo hajafungua macho. Kila usiku alimtengea bugali kwenye sufuria iliyokatika mkono mmoja, akachuchumaa karibu naye mpaka amalize. Jioni ya ajali baba, ambaye ni mtu mwema, alimwambia mwanawe: kesho unashuka bondeni kwenye matofali. Kijana akashuka. Akabeba kuliko watu wazima, akasifiwa. Kisha akaanza kukataa chakula cha usiku, saa ileile aliyozoea kumpelekea Bobi sehemu yake.

Nimeziweka hapa sauti zinazovutana juu ya jambo hili. Wasemaji nawaita kwa kazi zao, na maneno yao nimeyapanga mimi.

MAMA WA MAHARAGE: Mimi nasema wazi, huyo baba hakukosa. Nilipozika mume wangu watu walinikataza kurudi sokoni mapema. Nikarudi. Ukipepeta maharage, ukipima, ukivutana na mteja juu ya bei, siku inapita, na usiku usingizi unakuja wenyewe. Anayekaa kitini akitazama ukuta ndiye anayeugua. Mtoto akikosa la kufanya, mawazo yatamla.

MOTARI: Mama, heshima yako naitunza. Lakini wewe ulirudi sokoni baada ya matanga. Akina mama walilala kwako juu ya mikeka, wakakupikia, wakaimba, wakalia pamoja nawe. Kila aliyepita mlangoni alijua umefiwa, akakupa pole. Huyu mtoto alipewa pole na nani?

MAMA WA MAHARAGE: Mwanangu, unataka tumwekee mbwa matanga? Huko kwenu Beni watu wanachinjwa na waasi tangu Oktoba 2014. Oicha, Eringeti, Mbau, nyumba gani haina kaburi? Na Septemba 2025, kule Ntoyo, katika Lubero yetu hii, watu waliuawa wakiwa matangani. Wenye wafu wao wamekosa usalama wa kulia, halafu sisi tukae tumlilie mbwa?

Hilo ndilo neno zito kuliko yote yaliyosemwa, na sitaki kulipita haraka. Katika mji wa Beni na vijiji vinavyouzunguka, kifo cha mtu kimekuwa habari ya kila juma. Anayeomba nafasi ya kumlilia mnyama mbele ya majirani wa namna hiyo anajiona mkosefu kabla hajafungua kinywa. Motari hakuruka. Alinyamaza kwanza, kisha akajibu.

MOTARI: Mimi ni mtu wa huko, Mama. Tulipokimbia kijiji, upande wa Mbau, nilikuwa na mbwa. Moto, yaani pikipiki yangu, ilimbeba mke wangu, watoto wawili, godoro na masufuria. Mbwa nilimfungua kamba. Alitufuata mbio nyuma ya moto mpaka pumzi ikamwishia, nikamwona kwenye kioo anakaa chini katikati ya barabara. Sikusimama. Ningesimamaje? Tukafika mjini, Boikene, na jirani tuliyepanga karibu naye alikuwa amepoteza ndugu wawili. Ningemwambia nini? Nikawa napanda moto saa kumi na moja alfajiri na kushuka saa tatu usiku, kila siku, hata Jumapili. Watu wakasema huyu kijana ana bidii. Mimi nilikuwa naona haya tu. Kile kioo nilikifungua mwenyewe kwa spana, nikaendesha bila kioo muda mrefu, maana kila nikikitazama nilimwona amekaa pale.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui. Mwenye huzuni hiyo hapewi likizo, hapewi pole, wala hakuna anayemtarajia avae nguo za msiba. Kifo cha mnyama ni mojawapo ya mifano yake. Motari hajamsoma Doka, na hakuhitaji kumsoma. Kwa maoni yangu hoja ya Mama inateleza hapa: wingi wa wafu wa Beni haumalizi uchungu wa aliyefiwa na mbwa. Unamlazimisha tu kuuficha. Na Waswahili wamekwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna jambo lingine ambalo aliyekulia mjini huenda asilione. Kwa mtu aliyekimbia, mbwa hakuwa mnyama tu. Ndiye kiumbe wa mwisho aliyelijua boma lile: njia ya kisimani, mgomba ulioanguka, mkeka wa kakao iliyoanikwa, sauti ya babu aliyekwisha kufa. Akipotea yeye, shahidi wa maisha yale hayupo tena. Nimewasikia wakimbizi wa ndani wakitaja mashamba na nyumba zao kwa utulivu, kisha sauti ikawakatika walipofika kwenye mbuzi au mbwa.

VETERINERI: Niongeze langu. Nilisoma hapahapa mjini, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, na wakati ule nilikuwa naambiwa kwamba kwetu mbwa ni mlinzi, hapendwi. Kazini naona mengine. Anayemleta mbwa kwangu ni mtoto, amemfunga kamba ya katani, ametembea naye kutoka mbali. Baba anakuja nyuma, anasema huyu ni mlinzi tu, usipoteze dawa. Kisha anauliza bei, anaiuliza tena, na jioni anarudi na pesa. Kwa hiyo tusidanganyane juu ya nani anapenda nini. Ila nina onyo. Mbwa akianza kutokwa na ute mwingi, akiuma bila sababu, akishindwa kumeza, mimi nakataza mtu yeyote kumgusa, awe hai au maiti. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Mtoto aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshwe kwa maji na sabuni dakika kumi na tano nzima, na siku ileile apelekwe hospitali kwa chanjo. Katika hali hiyo kumkumbatia mbwa kwa kumuaga hakupo.

MWALIMU: Dokta, hapo umetugusa penye kovu. Mji huu unajua kifo kisicho na kwaheri. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikaingia Beni, ikateremka mpaka Katwa na Butembo. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Tulizika bila kuosha, bila kugusa, wazikaji wamevaa mavazi ya plastiki kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye hakukubali kwamba mama yake yumo ndani ya lile jeneza, kwa sababu hakumwona. Tukamwambia asome, afanye mitihani, hilo litamsaidia. Akasoma. Akawa wa kwanza darasani. Mwaka uliofuata akaacha shule, na hakuna aliyeelewa, mimi nikiwa mmojawao.

MHUDUMU WA KISAIKOLOJIA: Nasi tulijifunza kwa shida, Mwalimu. Mwanzoni timu za mazishi zilipigwa mawe. Hali ilianza kubadilika familia ziliporuhusiwa kushiriki: ndugu kutazama wakiwa mbali kidogo, padri au mchungaji kuomba, mtoto kutupa udongo. Na kwa wagonjwa pia. Huko Beni shirika la ALIMA lilisimamisha vyumba vya plastiki angavu, vinavyoitwa CUBE, ili mama amwone mwanawe anavyotibiwa, azungumze naye, bila kumgusa. Ugonjwa ulikuwa uleule na katazo lilikuwa lilelile, lakini macho yalipata haki yao. Kwa hiyo hata mbwa akifa kwa kichaa, mtoto anaweza kusimama mbali, akaona udongo unavyomfunika, akaita jina lake.

MAMA WA MAHARAGE: Mwanangu, unasema vizuri, lakini mnakwepa swali. Kazi inasaidia au haisaidii?

MHUDUMU WA KISAIKOLOJIA: Inasaidia, Mama. Sehemu kubwa ya maneno yako ni kweli. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa anayeendelea kupona huenda na kurudi. Saa hii analia, saa ijayo anatengeneza mlango uliovunjika, kesho analia tena, kesho kutwa anacheka na wateja. Mambo yote mawili anayahitaji. Hatari iko kwenye kukwama upande mmoja. Anayelia tu amekwama. Anayefanya kazi tu naye amekwama vilevile, ila yeye tunampongeza, kwa hiyo anabaki huko.

Nakubaliana na mhudumu huyu, lakini nadhani swali la kazi ngapi na machozi mangapi halitoshi. Tuulize ni kazi ya namna gani. Na kwa hilo mfano tunao mkoani mwetu, haujulikani na watu wote wa Butembo kama unavyostahili.

Kule Rumangabo, katika Hifadhi ya Virunga, André Bauma alilea sokwe wa mlimani aliyeitwa Ndakasi. Mwaka 2007 Ndakasi alikutwa na umri wa miezi miwili tu, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi na watu wenye silaha. Usiku ule wa kwanza Bauma alimlaza juu ya kifua chake kitupu ili apate joto. Julai mwaka huohuo wauaji walirudi, wakamuua dume mkubwa aliyeitwa Senkwekwe pamoja na majike, na mtoto mwingine, Ndeze, akabaki yatima. Mwaka 2009 kituo cha kuwalea kilijengwa Rumangabo kikapewa jina la Senkwekwe. Mwaka 2012, vita vya waasi wa M23 vilipofika hadi pale, Bauma alibaki na yatima wake wakati wengine walikuwa wanaondoka. Dunia ilimjua Ndakasi mwaka 2019, kwa ile picha aliyoipiga mlinzi Mathieu Shamavu, sokwe wawili wamesimama wima nyuma yake kama watu wanaongoja zamu ya kupigwa picha. Tarehe 26 Septemba 2021, baada ya ugonjwa mrefu, Ndakasi alikufa akiwa mikononi mwa Bauma, mtu yuleyule aliyempa joto usiku wa kwanza.

Angalieni alichofanya mtu huyu. Alisema hadharani, mbele ya dunia, kwamba alimpenda Ndakasi kama mtoto na kwamba alijivunia kumwita rafiki. Hakuona haya. Huyu ni mfanyakazi wa hifadhi ambayo walinzi zaidi ya 200 wameuawa kwa ajili yake, mtu aliyezika wenzake wa kazi, na bado hakuhesabu kwamba kumlilia sokwe ni kuwakosea walinzi waliokufa. Na kituoni walibaki yatima wengine, Ndeze akiwa mmoja wao, waliohitaji kula na kutazamwa siku hiyohiyo. Kazi ilikuwepo, na ilikuwa kazi nzito. Lakini ilikuwa kazi yenye nafasi ya jina la Ndakasi. Kila aliyemlisha Ndeze alijua ni nani aliyekuwa akila pembeni yake kwa miaka kumi na minne.

Matofali ya bonde la Furu hayana nafasi ya jina la Bobi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona, na ndiyo hoja yangu katika mjadala huu. Kazi inayomwacha mfiwa akamtaja aliyekufa inamponya. Kazi aliyopewa ili asimtaje inamwongezea mzigo, hata kama inamchosha vizuri mpaka akalala.

VETERINERI: Na kuna wanaofanya kazi wakijua tangu mwanzo kwamba mwisho wake ni kuachana. Nendeni Kasugho, katika Lubero, kwenye kituo cha GRACE. Kuna sokwe yatima wa nchi ya chini, wale wa Grauer, walionyang'anywa wawindaji haramu na wachuuzi. Mtoto wa sokwe akifika, mlezi anakuwa mama yake usiku na mchana. Anamlisha chupa, analala karibu naye. Na lengo lote ni siku moja arudi porini. Oktoba 2023 majike wanne, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walisafirishwa kwa helikopta hadi mlima Tshiaberimu, ndani ya Virunga, si mbali na sisi hapa. Mwaka 2024 wakaachiwa msituni, wajiunge na sokwe wachache waliosalia kule. Mlezi aliyewalea ameipoteza familia yake kwa mkono wake mwenyewe, na bado ni furaha.

MWALIMU: Hapo mimi nasita, Dokta. Aliyekwenda msituni yuko hai. Mlezi anaweza kuuliza habari zake. Bobi hana habari za kuulizwa.

Mwalimu amesema kweli, na sitajaribu kuziba pengo hilo. Kuagana na kufiwa ni mambo mawili. Kilichonivutia katika habari za Kasugho ni kidogo kuliko anavyodhani Veterineri: walezi wale wanaruhusiwa kusema wamewapenda, na kazi yao inawadai waseme.

MAMA WA MAHARAGE: Basi mniambie, huyo mtoto aende wapi? Furu hatuna masokwe. Mwakani anaingia sekondari, na minervali, yaani karo ya sekondari, hailipwi kwa machozi. Yale matofali ndiyo daftari zake.

MOTARI: Aende kwenye matofali, Mama, sijasema asiende. Mimi mwenyewe bila moto watoto wangu wasingekula. Nauliza kitu kimoja tu. Bobi alizikwa wapi?

MAMA WA MAHARAGE: Alizikwa? Nadhani walimtupa bondeni, chini ya mikaratusi. Ndivyo tunavyofanya wote.

MWALIMU: Mtoto anapajua mahali. Nimemwona. Wenzake wanapita njia ya mkato na matofali yao, yeye anazunguka chini kwenye mikaratusi na mzigo kichwani, kila safari. Ndiyo maana anachelewa, na ndiyo maana anachoka kuliko wengine.

MAMA WA MAHARAGE: Hilo sikulijua.

MOTARI: Baba yake naye halijui.

MAMA WA MAHARAGE: Atalijua. Nitakwenda kwao leo nikitoka sokoni. Lakini nitamwambia pia asimfanye mtoto kuwa mgonjwa. Kama ni kulia, alie, halafu ale.

Mama amebaki na msimamo wake, na sehemu kubwa ya msimamo huo ninaiheshimu. Wanawake wa soko la Butembo wameulisha mji huu katika Ebola na katika vita, na hawakuweza kufanya hivyo wakiwa wamekaa. Yeye na mimi tunatofautiana juu ya siku ya kwanza tu, na siku hiyo kwangu ina uzito. Mtoto aliyeagizwa kazini jioni ileile amefundishwa kwamba alichokipenda hakikustahili hata jioni moja. Atalibeba fundisho hilo mpaka utu uzima, na katika mkoa huu, ambao misiba haijakwisha, atalitumia kwa vifo vikubwa kuliko cha mbwa.

Kwa hiyo ninamwomba baba wa Furu, na wazazi wengine watakaofikiwa na jambo la namna hii Beni, Butembo na vijijini. Bobi aligongwa na lori, hakuwa na kichaa, basi kazi hii haina hatari. Chukua jembe, mwite mwanao, shukeni pamoja mpaka kwenye mikaratusi. Mwache akuonyeshe mahali. Chimbeni, mfunikeni kwa udongo wa kutosha ili wanyama wengine wasimfukue. Muulize mwanao habari za Bobi na umsikilize bila kumkatiza. Kitoto kingine cha mbwa usikilete mpaka akiombe mwenyewe. Mkimaliza rudini mle pamoja, na kama kesho yake kijana ataomba kupumzika kabla ya kurudi kwenye matofali, mpe.